Maswali ya Wasomaji: Wadudu kwenye maua ya msimu wa mapukutiko

Katika toleo lililopita tulisema kwa aya moja tu kwamba Septemba na Oktoba, kwa walio Ulaya na Amerika Kaskazini, ni wakati mzuri sana wa kutazama wadudu wakila kwenye maua. Aya moja haikutosha. Haya hapa maswali yenu, na majibu yake.

Wahariri, salaam. Mliandika "maua ya vuli" ya Uingereza. Kwetu vuli ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hao Waingereza vuli wanaipata wapi? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Una haki kabisa, ndugu yetu. Kamusi nyingi zinalitumia neno vuli kwa majira hayo ya Ulaya, lakini mtu wa pwani akilisikia anawaza mvua ndogo na mbegu za kupanda. Kuanzia sasa tutaandika "msimu wa mapukutiko", yaani miezi ya Septemba hadi Novemba ambapo majani ya miti ya kaskazini hugeuka rangi na kudondoka.

Tofauti yenyewe ni kubwa kuliko jina. Mombasa urefu wa mchana hautofautiani hata kwa nusu saa mwaka mzima, kwa hiyo mmea unangoja mvua ndiyo uchanue. London mchana wa Juni unapita saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Mimea mingi ya huko inasoma urefu wa usiku. Asta, kwa mfano, huchanua usiku ukirefuka. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya krisanthemamu wanalijua jambo hili kwa mikono yao: taa huwashwa usiku ili mmea udhani usiku bado ni mfupi, usichanue kabla ya wakati.

Kwa mdudu maana yake ni hii: maua ya kiangazi yameisha, baridi inakuja, na kila anayetaka kuishi hadi Machi lazima ale sasa. Ndiyo maana ua moja lililochelewa kuchanua linaweza kuvuta umati.

Habari za kazi. Ninaishi Leicester na wajukuu wawili. Tungependa kuanza kutazama wadudu lakini hatuna bustani kubwa wala vifaa. Tuanzie wapi, saa ngapi, na tutazame nini? (Bibi, Leicester)

Shikamoo, Bibi. Vifaa visikutie wasiwasi, na bustani usiitafute. Tafuteni ukuta, uzio au mti mkubwa uliofunikwa na aivi, ule mtambazi wa kijani kibichi unaopanda kila mahali Uingereza (jina lake la kisayansi ni *Hedera helix*). Makaburi ya zamani, njia za nyuma ya nyumba, kingo za mifereji na maegesho ya magari huwa nayo. Watu wengi wanaipita kila siku bila kujua kwamba inatoa maua.

Na kweli, aivi changa haitoi. Mmea huu una maisha mawili. Ukiwa bado unatambaa chini au kupanda ukutani, majani yake yana ncha tatu hadi tano, kama kiganja kilichofunguliwa. Ukifika juu kwenye jua, unaacha kutambaa, unatoa matawi yanayosimama yenyewe, na majani yanabadilika: hayana tena vidole, yanakuwa ya mviringo wenye ncha moja, yanang'aa, karibu na jani la tambuu. Matawi hayo ndiyo yanayochanua. Kwa hiyo msipoteze muda na majani yenye vidole. Inueni macho hadi muone majani ya tambuu.

Ua lenyewe si la kupigia picha ya harusi. Ni vijiua vya kijani-manjano vilivyokusanyika kama kijimpira kwenye ncha ya tawi. Mkikaribia na lenzi ya kukuzia mara 10 mtaona kila kijiua kina petali tano zilizokunjwa nyuma, stameni (vijiti vya chavua) tano zilizochomoza, na katikati kitako cha mviringo kinachometameta. Ule mng'ao ni mbochi, yaani maji matamu ya ua. Umekaa wazi kabisa, hauko ndani ya mrija. Hilo ndilo linaloeleza kila mtakachokiona: kwenye ua lenye mrija mrefu anakula mwenye ulimi mrefu tu, lakini kwenye aivi hata nzi, nyigu na mbawakawa wenye vinywa vifupi wanajihudumia. Tena ni mbochi mzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliupima wakakuta karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na kwenye mizinga waliyoichunguza Septemba na Oktoba, karibu asilimia 90 ya chavua iliyoletwa na nyuki ilikuwa ya aivi.

Nendeni kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, siku ya jua isiyo na upepo mkali, upande wa ukuta unaotazama kusini au magharibi. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi nyuki wa asali wengi hawatoki. Ikiwa mvua imenyesha asubuhi, subirini hadi maua yakauke, kwa sababu mbochi ulio wazi huchanganyika na maji na wadudu hawana haja nao.

Simameni hatua moja na nusu kutoka kwenye maua, na kabla ya kutulia angalieni kivuli chenu kimeangukia wapi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kivuli kikipita juu ya maua, nzi na vipepeo huondoka wote kwa mara moja, na mtazamaji anadhani mahali hapo hapana kitu. Kaeni ubavuni mwa jua, msisogeze mikono, na mhesabu polepole hadi mia. Watarudi.

Wajukuu wapewe kazi ya kuhesabu. Tengenezeni fremu ya vijiti au waya ya sentimita 50 kwa 50, iegemezeni kwenye maua, na kwa dakika 10 mwandike kila mdudu anayetua ndani yake kwenye ua. Msihangaike na majina ya spishi. Tumieni makundi: nyuki wa asali, nyuki wanene wenye manyoya, nyuki wapweke (wasioishi kwa kundi), nyigu, nzi wa maua, nzi wengine, vipepeo na nondo, mbawakawa, na wadudu wadogo chini ya milimita 3. Andikeni pia tarehe, saa, hali ya jua, na idadi ya vijimpira vya maua ndani ya fremu; bila idadi ya maua, hesabu ya wiki hii haiwezi kulinganishwa na ya wiki ijayo. Mpango wa taifa wa Uingereza wa kufuatilia wachavushaji hutumia hesabu ya aina hii hii, na hupokea takwimu za umma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba. Za Oktoba ziwekeni kwenye daftari lenu, na picha mzipandishe kwenye tovuti ya iNaturalist.

Kuna makosa mengine mawili. La kwanza ni kwenda mapema mno. Machipukizi ya aivi ni vijimpira vya kijani vilivyofunga, na wengine wanadhani hayo ndiyo maua. Kama hamuoni stameni zimechomoza kama pini kwenye kijimto cha mshonaji, rudini baada ya wiki. La pili ni kutazama kichaka kimoja na kukata tamaa. Vichaka viwili vya mtaa mmoja vinaweza kupishana wiki mbili au tatu kuchanua, kwa hiyo kikiisha kimoja, kingine ndiyo kinaanza.

Na wajukuu wakiruhusiwa, rudini saa moja baada ya jua kuzama na tochi iliyofunikwa karatasi ya nailoni nyekundu. Nondo hawaoni vizuri mwanga mwekundu, hawashtuki. Mtafuteni yule aliyekunja mabawa kama jani kavu lililofinyangwa. Mchana akikaa kwenye majani yaliyodondoka humwoni, lakini usiku macho yake yanarudisha mwanga wa tochi kama makaa mawili.

Ndugu wahariri, mimi kila nikiona kitu chenye mistari nakiita nyuki. Mwanangu ananisahihisha kwamba wengine ni nzi. Nitawatofautishaje bila kuwashika? (Baba, Birmingham)

Mwanao anasema kweli, na kwenye aivi ya Oktoba wengi unaowaita nyuki huenda ni nzi wa maua. Anza na kichwa, usianze na mistari. Macho ya nzi ni makubwa mno, yanajaza kichwa chote, na kwa dume mara nyingi hugusana utosini. Papasi zake ni fupi, kama vinyoya viwili puani. Nyuki ana macho marefu yaliyokaa pembeni na papasi ndefu zenye kiwiko katikati, na huzichezesha muda wote. Kisha tazama mabawa anapotua: nzi ana mawili tu, nyuki na nyigu wana manne, ingawa manne hayo yameshikana na hayahesabiki kirahisi. Mwisho tazama miguu ya nyuma. Nyuki jike wa asali akiwa na mzigo ana uvimbe wa chavua kwenye kila mguu wa nyuma, umeshikiliwa kwenye kikapu chake. Nzi hana kikapu, chavua inamchafua tu mwili mzima.

Yule atakayekudanganya kuliko wote ni *Eristalis tenax*, nzi anayeigiza nyuki wa asali hata kwa rangi na ukubwa. Akitua mbele yako mtazame kwa makini. Anakanyaga kijimpira cha aivi kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto, anashusha kinywa chenye sponji mwishoni, anakigusagusa kwenye kitako kinachong'aa, anainua kichwa, anashuka tena. Kwenye jicho lake ana mistari miwili ya vinywele vyeusi, wima. Lenzi ya kawaida inaionyesha. Akishiba hujipangusa: miguu ya mbele inafuta uso, ya nyuma inafuta mabawa. Nyuki huwa na haraka, nzi huyu hana. Jike wa Oktoba amekwisha kupandwa, na atajificha kwenye ufa wa ukuta au pango hadi masika ya huko, baridi ikiisha, ndipo atage mayai. Mabuu yake huishi kwenye maji machafu yenye kuoza na kupumua kwa mkia mrefu kama bomba. Ukimwaga maji yote ya zamani yaliyotuama chini ya miti, na kufukia kila dimbwi, umemnyima kizazi kijacho.

Nyigu nao watakuwepo, na watu wanawachukia bure. Wakati wa kiangazi nyigu vibarua huwinda wadudu kulisha majana, yaani watoto wa kiotani, na majana huwalipa kwa matone matamu. Mwisho wa msimu majana yamekwisha, malipo hakuna, na vibarua wanatafuta sukari popote: soda yako, tufaha lililodondoka, au aivi. Wakiipata aivi watakusahau wewe na soda yako.

Tafadhali nisaidieni haraka. Kwenye mteremko wa mchanga nyuma ya nyumba tuliyopanga kumetokea mashimo mamia, na nyuki wanazunguka chini chini juu ya ardhi. Mwenye nyumba anataka kupulizia dawa. Watoto wangu wanacheza hapo. (Mama, karibu na Bournemouth)

Mama, zuia dawa kwanza, kisha usome.

Kwa maelezo yako, mahali, na mwezi ulioandika, huyo ni nyuki wa aivi, *Colletes hederae*. Sayansi ilimtambua kama spishi ya peke yake mwaka 1993 tu, na Uingereza alionekana mara ya kwanza mwaka 2001 huko Langton Matravers, Dorset, si mbali na kwako. Tangu hapo amesambaa kuelekea kaskazini. Ana ukubwa wa karibu nyuki wa asali, kifua chenye manyoya ya rangi ya kahawia-chungwa, na tumbo lenye mikanda mipana ya manjano iliyofifia, iliyopangwa safi kama mistari ya kikoi.

Ni mpweke. Yale mashimo si mzinga mmoja wenye jeshi la kuulinda. Kila jike ana shimo lake, analichimba mwenyewe na kuacha udongo kwenye mdomo wake kama kilima kidogo. Wamekaa pamoja kwa sababu udongo ule mlegevu wenye jua unawafaa wote. Asiye na hazina ya pamoja hana sababu ya kushambulia mpita njia. Wale wanaozunguka chini chini siku nzima wengi ni madume, na dume hana mwiba kabisa. Wanangoja majike watoke; ukiona rundo la nyuki linabiringika mchangani, ni madume wengi wanaogombea jike mmoja. Jike anao mwiba, lakini huutumia akibanwa: akikanyagwa kwa mguu mtupu au akishikwa kwa mkono.

Kwa hiyo wavisheni watoto viatu, wekeni kamba au mawe kuonyesha mpaka, na wachezee upande wa pili kwa wiki sita hivi. Ifikapo mapema Novemba wote wakubwa watakuwa wamekufa. Chini ya ardhi watabaki watoto, kila mmoja ndani ya chumba kilichopakwa utando mwembamba usiopitisha maji, mfano wa nailoni, ambao mama hutoa mwilini mwake. Humo ameweka uji wa chavua na mbochi wa aivi na yai moja. Watatoka Septemba ijayo, aivi ikichanua.

Mwelezeni mwenye nyumba kwamba mashimo hayadhuru msingi wala nyasi, na kwamba dawa ikipuliziwa hapo itaua wachavushaji na kubaki kwenye mchanga ambao watoto wanauchezea. Kama hataki kuwaona tena, njia isiyo na sumu ni kupanda nyasi nene hapo majira ya masika. Nyuki huyu anapenda udongo ulio wazi. Sisi tungewaacha.

Nimefuga nyuki tangu Tabora, sasa nina mizinga mitatu Kent. Asali niliyoikuta Oktoba imeganda ndani ya masega kama jiwe, mashine ya kukamua haiitoi. Nimekosea nini? (Mfugaji, Kent)

Hujakosea ufugaji, mzee wetu, umekutana na mmea mgeni kwako. Asali ya miyombo ya Tabora hukaa majimaji muda mrefu. Ya aivi ina glukosi nyingi, na glukosi ndiyo sukari inayoganda upesi. Inaweza kuganda ndani ya sega hata kabla nyuki hawajaifunika kwa nta. Ladha yake pia ina uchungu kidogo ambao wateja wengi hawaupendi.

Mwaka ujao toa masanduku ya juu ya asali mwishoni mwa Agosti au siku za kwanza za Septemba, kabla aivi haijafunguka, kisha iache aivi yote iwe akiba yao. Kundi la Uingereza linahitaji karibu kilo 20 za asali kuvuka majira ya baridi. Chavua ya aivi ina kazi kubwa zaidi ya mbochi: kibarua wa kiangazi huishi wiki sita hivi, lakini wale wanaolelewa sasa hujijengea akiba ya mafuta na protini mwilini na kuishi miezi, hadi masika. Kundi lisilopata chavua wakati huu linaingia kwenye baridi na vibarua wasiofika mbali.

Asali ikishaganda, nyuki wanahitaji maji ya kuiyeyusha. Weka chombo kipana chenye kokoto au kuvumwani mahali penye jua, hatua kama 10 kutoka mizingani, na usiache kikauke siku za Februari zenye jua. Fremu ulizonazo sasa, chagua: kwaruza vifuniko vya nta, nyunyiza maji ya uvuguvugu na uwarudishie nyuki wailambe, au kata masega, yayeyushe kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta ipande juu na kuganda. Asali itakayobaki chini imepigwa na joto, ni ya mapishi, usiiuze kama asali mbichi.

Kuna mavu mkubwa anawakamata nyuki kwenye maua. Nimuue? (Msomaji, Folkestone)

Usimuue, mpige picha. Kama ni mkubwa, kahawia na manjano, mwenye kelele nzito, ni mavu wa asili wa Ulaya, mwacheni. Kama mwili wake ni mweusi, una mkanda mmoja mpana wa rangi ya chungwa karibu na mwisho wa tumbo, uso wa chungwa, na ncha za miguu za manjano kana kwamba amevaa soksi, basi ni *Vespa velutina*, mavu kutoka Asia aliyeingia Ufaransa na kuthibitishwa Uingereza mwaka 2016. Huyo huwinda nyuki hasa, na msimu wa mapukutiko anapenda kuvizia kwenye aivi. Tuma picha na mahali kupitia programu ya Asian Hornet Watch siku hiyo hiyo. Wataalamu wanamfuata hadi kwenye kiota. Ukimuua mmoja umewakatia njia. Kiota chake usikikaribie kamwe.

Hapa Minneapolis kila Septemba napiga chafya hadi machozi. Jirani anasema ni yale maua ya manjano marefu kando ya barabara. Nikate yote? (Dada, Minneapolis)

Pole sana, dada. Lakini anayesingiziwa siye mkosaji. Maua ya manjano ni solidago. Chavua yake ni nzito na inanata, imetengenezwa isafirishwe na wadudu. Haielei hewani hadi ikufikie puani. Anayekutesa ni ambrosia, gugu lenye majani yaliyochanikachanika na vijiua vya kijani usivyoviona, linalochanua wakati uleule na kumwaga chavua nyepesi kwenye upepo. Kata hilo, tena kabla halijachanua, mwezi wa Julai.

Solidago na asta ukiziacha utaona mambo. Mwisho wa Agosti na Septemba vipepeo wa monaki, wa chungwa wenye mishipa myeusi, wanapita Minnesota wakielekea misitu ya milima ya Mexico, safari ya kilomita maelfu. Wanajaza tangi njiani: sukari ya mbochi inageuzwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanawabeba na kuwaweka hai Mexico hadi masika. Monaki anayekula hufungua na kufunga mabawa polepole, ulimi umenyooka. Unaweza kusogea hadi mita moja akikupa mgongo.

Ukimuona kipepeo au nyuki amening'inia bila kucheza, miguu imelegea, inama utazame chini yake. Huenda yuko mikononi mwa buibui kaa. Hatandi utando, anakaa kwenye ua miguu ya mbele imefunguliwa kama mtu anayetaka kukumbatia. Spishi moja, *Misumena vatia*, hugeuka kutoka nyeupe kuwa ya manjano akihamia solidago, lakini si kwa dakika kama kinyonga. Humchukua siku kadhaa. Kwa hiyo ukikuta buibui mweupe peupe juu ya solidago, huyo amehamia juzi juzi.

Je, kipepeo anayekula maua Ulaya Septemba anaweza kufika Afrika? Wanafunzi wangu wameuliza. (Mwalimu, Iringa)

Ndiyo, Mwalimu. Kipepeo aitwaye *Vanessa cardui* hana usingizi wa baridi. Akibaki kaskazini anakufa. Watafiti wamethibitisha kwamba kizazi cha mwisho wa kiangazi huvuka Bahari ya Mediterania na Sahara hadi ukanda wa Sahel, na masika kizazi kingine hurudi kaskazini. Spishi hiyohiyo mnayo Tanzania. Wanafunzi wamtafute kwenye maua ya jamii ya alizeti na zinia: rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, na upande wa chini wa bawa la nyuma safu ya vijicho vidogo.

Nina kibaraza tu, ghorofa ya tatu, jua la mchana. Nipande nini ili wadudu waje? (Msomaji, Reading)

Vyungu vitatu vinatosha, ukichagua vizuri.

Cha kwanza, sedamu ya *Hylotelephium spectabile*, ile yenye majani manene ya maji na vishada bapa vya waridi. Angalia kibandiko dukani, maana aina iitwayo 'Herbstfreude' ni nzuri kwa macho na ina mbochi, lakini haina chavua, na vipepeo huipenda kidogo kuliko ya kwanza. Tumia udongo uliochanganywa na changarawe, theluthi moja. Sedamu huoza mizizi kwenye udongo unaokaa na maji, na mbolea nyingi huifanya irefuke na kuangukia pande zote.

Cha pili, asta ya *Symphyotrichum novae-angliae*. Ile ya novi-belgii hushikwa na ukungu mweupe wa majani kirahisi, hasa chungu kikikauka mara kwa mara. Ukipenda dalia, nunua yenye safu moja ya petali na kitovu cha manjano kinachoonekana. Dalia zilizojaa petali hadi ndani zimegeuza stameni kuwa petali. Nyuki atazunguka na kuondoka na njaa. Wala usipande ile impatiensi ndefu ya Himalaya inayowapaka nyuki mstari mweupe mgongoni. Ni mmea vamizi Uingereza, hauruhusiwi. Huyo ni ndugu wa impatiensi yetu ya Afrika Mashariki, ambayo Waingereza wa karne ya 19 waliipa jina la Sultani wa Zanzibar, *Impatiens sultani*.

Cha tatu, aivi, na hapa kuna siri. Kipande kikikatwa kutoka tawi lenye majani ya tambuu hakirudi utotoni. Hakitambai, kinakuwa kichaka kidogo kinachochanua. Julai au Agosti kata ncha za sentimita 10 hadi 15 zisizo na maua, vaa glavu kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi, ondoa majani ya chini, ubakize mawili au matatu, na uchomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na udongo wa mbegu nusu kwa nusu. Funika kwa mfuko wa nailoni, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki kadhaa na vipande vingine vitakufa, kwa hiyo chomeka sita upate viwili. Hamishia chungu cha sentimita 30 chenye tundu chini, na usiweke karibu na mtoto anayetia vitu mdomoni, kwani matunda yake meusi ni sumu kwa binadamu.

Ukipogoa kiangazi umekata maua ya mwaka mzima. Ngoja hadi mwisho wa Februari, ndege wakishamaliza matunda.